Nilitaka nyumba ya bibi ibomolewe, kumbe kosa lilikuwa langu

Mzazi mwenzangu, Januari mwaka jana nilitamka maneno ambayo baadaye nilitamani niyarudishe kinywani.

Tulikuwa barazani kwa marehemu bibi, Turiani, kwenye kikao cha familia. Wajomba walikuwapo, mama wakubwa na mama wadogo walikuwapo. Nikasimama na mwanangu mgongoni, nikasema: "Nyumba hii ni ya mbu. Imenilazia mtoto hospitalini siku nne. Mkiniuliza mimi, ibomolewe."

Hakuna aliyebisha. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na kwenye familia yetu hilo linatosha kuitwa daktari. Mtu akibanwa na kifua saa tano usiku, simu inakuja kwangu. Kwa hiyo neno langu lilipokelewa kama cheti cha hospitali.

Mjomba aliandika kwenye daftari lake. Mama mkubwa, ambaye ndiye anayeishi kwenye nyumba hiyo, aliinamia ungo akaendelea kuchambua mchele.

Babu alijenga, nyumba ikawa ya bibi

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka wa Uhuru, 1961. Babu alikuwa fundi. Kazi ya kuchoma tofali aliipata kwa wazee waliojifunzia misheni ya Mhonda, jirani na kwetu, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1877. Msingi aliujenga kwa mawe ya mtoni. Kuta ni za tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, nene kiasi kwamba tukiwa watoto tulikaa wawili wawili dirishani, miguu ikining'inia. Milango ni ya mvule.

Nyuma ya mlango wa chumba cha bibi, babu alikuwa anaandika kwa penseli ya seremala tarehe ya kila mtoto aliyezaliwa. Ya mama yangu ipo. Alipofuatilia cheti cha kuzaliwa akiwa mtu mzima, mlango ule ndio uliomkumbusha tarehe yenyewe.

Kuna jambo ambalo wageni huwa linawachanganya. Babu alijenga, lakini nyumba haikuwa yake. Sisi Wanguu, kama majirani zetu Waluguru na Wazigua, ukoo tunauhesabu kwa mama. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa bibi. Babu alikuja kuoa, akajenga hapo. Bibi alipofariki, nyumba ikabaki kwa wanawe, na mama mkubwa, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyerudi kuishi.

Mjomba si mtu mbaya, naomba nimtendee haki. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita. Hoja yake ilikuwa rahisi: lami ya kutoka Magole imefika, kiwanja kiko karibu na barabara, tukiangusha nyumba tukajenga fremu sita za maduka, kodi itasomesha watoto wa ukoo. "Nyumba ya kumbukumbu haimlipii mtu ada," alisema. Alichokuwa amekosa ni sababu ambayo hata mama mkubwa asingeweza kuikataa. Mimi nikampa.

Usiku wa Krismasi

Siku hiyo kikao kilipovunjika, mama mkubwa aliniita jikoni. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu: "Mwanangu, zile siku za Krismasi mtoto alilala wapi?"

Nilinyamaza.

Alijua jibu. Krismasi tulikuwa watu zaidi ya ishirini kwenye nyumba ile. Mama mkubwa alinipa chumba chenye kitanda na chandarua, akakifunga mwenyewe, akakichomeka chini ya godoro. Lakini binamu zangu walikuwa wametandika mikeka sebuleni, hadithi zimenoga, na mimi sikutaka kupitwa. Nikamlaza mwanangu wa miaka miwili mkekani, nikamfunika kanga. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Siku kama kumi na mbili baadaye, tukiwa tumesharudi Morogoro mjini, alichemka homa. Kipimo kikaonyesha malaria, na damu ilikuwa imeshuka. Nikakaa wodini siku nne nikiitazama chupa ya dripu, na kila dripu ilivyodondoka nilikuwa nailaumu ile nyumba: kuta zake, giza lake, ule mwanya kati ya ukuta na bati unaoingiza hata popo.

Kazini ningemwuliza mtu mwingine maswali yaleyale niliyoyakwepa mimi. Mtoto alilala kwenye chandarua? Una uhakika aliumwa na mbu kule na si nyumbani kwako? Nyumba nililaumu ili nisijilaumu mwenyewe.

Lakini kumwambia mama mkubwa kwamba amesema kweli ni jambo moja. Kurudi mbele ya kikao na kufuta maneno yangu ni jingine. Uamuzi ulikuwa umepangwa kutolewa Pasaka.

Nilichokikuta Zanzibar

Februari kazi ilinipeleka Zanzibar, kwenye mafunzo ya waandishi wa afya wa Afrika Mashariki. Saa za mapumziko nilitembea Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Pale Mizingani, ukielekea bandarini, kuna jengo la ghorofa lenye varanda za mbao zilizonakshiwa. Linaitwa Zahanati ya Zamani. Mfanyabiashara tajiri, Tharia Topan, alianza kulijenga mwaka 1887, akafariki mwaka 1891 kabla halijamalizika. Baadaye likanunuliwa na mtu mwingine, chini pakawa zahanati na juu watu wakaishi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilikaa miaka mingi likichakaa, hadi miaka ya 1990 ambapo Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati. Jengo moja, mikono mingi, na kila mkono ulilipa matumizi ya wakati wake.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883. Hilo halina mwenye nyumba wa kawaida, ni mali ya umma, maarufu kuliko yote. Lakini Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilisimama mbele ya uzio nikawaza: kama jumba kubwa kama hili linaweza kuanguka, nyumba ya bibi itasimamishwa na nani?

Mwenzangu mmoja wa Mji Mkongwe alinikaribisha kwao. Nyumba yao ni ya wakfu. Mzee wao aliandika kwamba haitauzwa kamwe; wazao wataishi, na kodi ya duka la chini itumike kwanza kuitengeneza. Si kwamba wakfu unaponya kila kitu. Aliniambia ziko nyumba za warithi arobaini ambako kila mmoja anadai chumba na hakuna anayenunua mfuko mmoja wa chokaa.

Na hapo kwenye chokaa nilijifunza jingine. Kwetu mjomba aliwahi kupiga lipu ya simenti kwenye ukuta wa babu, ikabanduka na kutoka na udongo wa ndani. Tukasema nyumba imechoka. Mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua hilo siku nyingi: ukuta wa zamani unapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Ukiubandika simenti ngumu, unyevu unanaswa ndani na ukuta unaoza taratibu. Kwa hiyo wanarudi kwenye chokaa. Nyumba yetu haikuwa imechoka. Tuliipa dawa isiyo yake.

Usiku mmoja mezani, mwenzetu wa Lamu alisimulia kwamba kwao, kwa desturi, baba alimpa binti nyumba anapoolewa, au akamjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na mume ndiye anayehamia. Nilicheka, nikamwambia mbona ni kama Turiani. Mwenzetu wa Kampala naye akaeleza makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, ambayo jumba lake kuu la nyasi liliteketea kwa moto Machi 2010. Lilipojengwa upya, kuezeka nyasi ilikuwa kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, kama ilivyokuwa tangu zamani. Kila ukoo unajua wajibu wake. Mwaka 2023 UNESCO iliyatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Nililala nikiwa na wazo moja. Nyumba haidumu kwa sababu watu wanaipenda. Bibi tulimpenda wote. Nyumba inadumu pale inapojulikana nani anafanya nini, na hela inatoka wapi.

Serikali haitakuja

Niliporudi niliangalia sheria, nikitumaini labda ipo inayotulinda. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu majengo ya kabla ya mwaka 1863 kuwa ya kale moja kwa moja. Ya baada ya hapo yanahitaji kutangazwa. Nyumba ya babu ina umri wa Tanganyika huru. Hakuna waziri atakayeitangaza, na sidhani kama anapaswa.

Hiyo ndiyo hali ya nyumba nyingi zilizowalea wazazi wetu, ziwe za Turiani, Matombo au Mgeta. Hazina kibao wala mlinzi. Zina familia tu. Familia ikikata shauri asubuhi, jioni ni kifusi.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nilisoma upya kuhusu nyumba na malaria. Mbu anayeeneza malaria hupenda kuingia usiku kupitia ule mwanya wa juu, kati ya ukuta na paa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, humu humu mkoani Morogoro, wameushughulikia sana mwanya huo. Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa wavu wa mbu na zisizowekewa. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa 19 kati ya 100 kwenye nyumba zisizo na wavu, na 12 kati ya 100 kwenye zenye wavu. Wale watafiti hawakubomoa nyumba za watu. Waliweka wavu.

Nikaelewa pia kwa nini babu aliuacha ule mwanya. Jiko lilikuwa karibu, moshi ulihitaji pa kutokea, na joto la bati lilihitaji pa kupumulia. Ukiuziba kwa tofali, umefungia moshi na joto ndani. Mtu akisikia joto usiku, kitu cha kwanza anachokitupa ni chandarua. Kuta nene za babu, kwa upande wao, zinafanya chumba kiwe na ubaridi hata Januari. Hilo ni jambo la afya nililoliacha niliposimama barazani.

Nilimtafuta fundi mmoja wa pale pale Turiani. Akapanda juu, akagonga kenchi moja moja kwa nyundo, akishuka na vumbi la mchwa usoni. Kenchi mbili zimeliwa, bati kumi na mbili zimetoboka, ukuta wa nyuma una ufa, lipu yote ya simenti iondolewe. Wavu wa mbu kwenye mwanya wote na madirisha. Jumla aliyoniandikia ilikuwa shilingi 1,850,000. Si ndogo. Lakini kwa fremu sita, makadirio ya mjomba yalikuwa zaidi ya milioni thelathini, ambazo hatukuwa nazo.

Kikao cha Pasaka

Pasaka mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tukakaa sebuleni, maji yakidondokea kwenye sufuria mbili.

Niliomba niongee wa kwanza. Miguu ilikuwa inatetemeka. "Shikamooni wajomba zangu na mama zangu," nilisema. "Januari niliwaambia nyumba hii imemwumiza mtoto wangu. Sikusema kwamba kilikuwapo chandarua nikakiacha chumbani. Maneno yale niyafute."

Kimya. Mvua tu juu ya bati.

Mjomba alivua miwani. "Kwa hiyo sasa unasema nini? Tukae na sufuria sebuleni?"

Nikatoa karatasi ya fundi. Nikaeleza ya wavu, ya chokaa, ya jiko. Mama mdogo mmoja akasema yeye hana hela ya kuchangia nyumba asiyolala. Binamu yangu akasema bora tuuze tugawane. Kwa kama saa nzima ilikuwa vurugu, na nilianza kuona tunashindwa.

Aliyeigeuza ni mama mkubwa. Alimwambia mdogo wake: "Kaka, hizo fremu zako jenga. Jenga tatu, pale kwenye jiko la mama. Mimi nitaliacha." Nilijua jiko lile lilikuwa nini kwake. Ni kibanda cha udongo alichofundishwa kupika humo akiwa na miaka saba. Lakini pia ni kibanda kilichokuwa kinamkohoza kila usiku.

Mjomba alikaa muda mrefu akiandika hesabu kwenye daftari. Kisha akasema fremu tatu anaziweza kwa mwaka mmoja, kama kodi ya moja itakuwa ya nyumba na ya mbili zitakuwa za ada za watoto. Sikumsimulia habari za wakfu. Alifika mwenyewe.

Tukagawana wajibu kwa matumbo. Bibi alizaa watoto wanne waliokua, kwa hiyo kila tumbo likapata sehemu: paa, kuta na chokaa, milango na madirisha, maji na choo. Kila mwaka, kabla ya vuli, kila tumbo linakagua sehemu yake. Tukaandika muhtasari, tukausaini wote, pamoja na yule binamu aliyetaka tuuze. Alisaini huku amenuna, lakini alisaini.

Si yote yaliyookolewa. Chumba cha nyuma, ambako babu aliweka randa na misumeno yake, ukuta wake ulikuwa umeshalegea. Fundi alituambia hautengenezeki kwa bei tunayoiweza. Tuliubomoa Julai. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuangalia ufa ule miaka kumi.

Kwako mzazi

Kama nanyi mna nyumba ya bibi au babu mahali fulani, nakuomba mambo machache, na nakuomba kama mtu aliyekosea.

Usisubiri msiba ndipo mwongee habari za nyumba. Ongeeni mzee akiwa hai, na muandike. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa hata kwa familia, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki. Ofisi ya kijiji ndipo pa kuanzia.

Mpe anayeishi humo heshima yake. Sisi wa mjini tunakuja na maoni. Yeye ndiye anayefagia, anayewasha taa, anayeona bati limeanza kutoboka. Nyumba isiyo na mtu hufa haraka kuliko yenye nyufa.

Ifanye nyumba iwe salama kwa mtoto wa leo. Wavu kwenye mwanya na madirisha, moshi wa jiko utoke nje, sakafu iwe kavu. Na hata ukishaweka wavu, chandarua kibaki palepale.

Mwisho, wapeleke watoto siku ya ukarabati. Agosti tulipopaka chokaa, mwanangu alipewa kopo dogo na brashi iliyokwisha nywele. Alipaka mguu wake mwenyewe na kipande cha ukuta chenye ukubwa wa sahani. Mama mkubwa alikataa kirekebishwe.

Krismasi iliyopita tulikuwa wengi tena. Mikeka ilitandikwa sebuleni, hadithi zikanoga. Saa tatu nilimbeba mwanangu chumbani, nikamlaza kitandani, nikachomeka chandarua chini ya godoro. Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa mlangoni na tochi. Akaingia, akazunguka kitanda, akakagua kona zote nne. Kisha akanimulikia nyuma ya mlango, chini ya majina ya wengine. Kulikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu, kwa penseli.

"Hakuzaliwa humu," nilimwambia.

"Najua," alijibu. "Lakini paa ni la tumbo lenu. Lazima nijue nitakuja kumdai nani."